Koili ya Shaba Iliyokwenda Nyabugogo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Mzee Sadiki alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha mashine akaniambia ninuse. Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Kitunguu saumu, Mzee."

"Basi siku ukikisikia na hakuna anayepika, toka nje kwanza, ndipo uite wenzako. Usianze kuita ukiwa ndani."

Hilo lilikuwa somo la asubuhi. Somo la mchana lilikuwa kufagia.

Ilikuwa mwaka wa tisini, Gikondo, hapa Kigali, katika karakana ya gesi ya kuchomelea ambayo nyinyi vijana mnaijua kwa lile jengo la nyuma tu, mnaloweka rangi na mipira mibovu. Mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau, kwa kuwa mwezi uliopita mlinipa kiti cha kupumzikia na hotuba mbili. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, havitawachosha. Mimi nitaandika habari ya mashine moja ambayo haipo tena, na makosa mawili ambayo ni yangu. Namshukuru Mungu kwamba ninayaandika kwa vidole kumi.

Wakati ule asetilini yetu ilitoka kwenye kabaidi. Ni mawe ya kijivu yaliyofungwa katika mapipa ya bati. Ukiyatia maji yanachemka na kutoa gesi. Gesi tuliisafisha, tukaikausha, tukaijaza mitungini, na mafundi wa mji mzima walichomelea mageti na chasisi kwa kazi yetu. Mzee Sadiki, mtu wa Bukavu aliyekuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye gesi, alinifundisha kumwaga kabaidi polepole, kusikiliza mchemko wa maji, kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Na alinifundisha shaba.

"Gesi hii na shaba ni mke na mume wasiopaswa kukaa nyumba moja," alisema. Alikuwa akipita na sumaku mfukoni, akigusisha kila mrija mpya unaoletwa. Sumaku ikikataa kushika, mrija unarudi dukani. Asetilini ikikaa ndani ya shaba huzaa kitu chekundu kama kutu. "Kikiwa kimelowa, kimelala. Kikikauka, kimeamka. Ukikigonga au kukipa moto, hutasikia mlio wake, watausikia wengine."

Alipoondoka kurudi kwao, kifua kikimsumbua, aliniachia ile sumaku. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka madrasa ya Biryogo na shule ya ufundi, na karakana nzima iliniita Shehe kwa kunitania.

Vita vya kaskazini na waasi, wengi wao Watutsi waliotoka uhamishoni Uganda, vilikuwa vimeanza. Barabara ya kutoka Mombasa kupitia Uganda ilifungwa kwetu, na kila pipa la kabaidi likawa linazunguka Tanzania. Kuna miezi lilifika, kuna miezi halikufika. Mwaka wa tisini na mbili tulibaki na mapipa manne, kisha mawili, na wateja wakawa wanakuja kututazama kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Hapo ndipo Injeniyeri alipoleta mashine yake. Sitamtaja jina, alikuwa mtu mpole aliyesomea Ulaya mambo ya moto na umeme. Alitueleza kwa chaki kwenye ukuta. Kabaidi yenyewe, alisema, hutengenezwa kwa tanuru la umeme, chokaa na makaa ya mawe. Kwa nini tununue umeme wa nchi nyingine uliofungwa kwenye pipa? Ukichukua vijiti viwili vya kaboni, ukavipitishia umeme wa mashine ya kuchomelea, kisha ukavitenganisha kidogo, katikati yake linawaka tao. Ndani ya tao hilo gesi hupata joto kupita kiasi mpaka yenyewe inapitisha umeme kama waya. Hali hiyo aliiita plazima. Mafuta ya taa yakiguswa na tao hilo huvunjika vipande vipande, na vipande vikipoozwa haraka sana, vingi hushikana kuwa asetilini. Visipopoozwa haraka vinakuwa masizi.

"Kwa hiyo siri ni kupooza," alisema.

Tulijenga sufuria ya chuma nene yenye kifuniko cha boliti. Vijiti vya kaboni vilitoka kwenye projekta ya zamani ya sinema ya wamisionari. Fundi umeme wetu, Felisiani, ndiye aliyeunganisha nyaya. Alikuwa na miaka thelathini na tano, mke na watoto wawili pale Niboye, na ulimi ambao haukupumzika. Alijua umeme kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na alijua kwamba anajua.

Siku ya kwanza ya tao, chumba kizima kiliunguruma. Mafuta yaligeuka wino. Mapovu yakapanda, yakapita kwenye maji, yakaingia kwenye pipa la kukusanyia, na Injeniyeri akawasha tochi. Mwali ukatoka wa njano wenye masizi, kisha alipofungua oksijeni ukawa mweupe, mkali, mwembamba. Felisiani alinikumbatia, tukapakana weusi.

"Shehe, mawe yako yamekufa leo! Tuyazike wapi?"

Nilicheka pamoja naye, lakini moyo haukutulia. Gesi ile haikunuka kitunguu saumu. Ilinuka mafuta ya taa, na chumba kizima tayari kilinuka mafuta ya taa. Pua yangu, ambayo ndiyo ilikuwa elimu yangu, haikunifaa kitu mle ndani.

Baada ya wiki mpira wa kutolea gesi ukayeyuka kwa joto. Injeniyeri alichora koili ya kupoozea, akaandika pembeni "chuma", akasafiri kwenda Butare kwa siku chache. Wageni wa wizara wangekuja Jumatatu kuona mashine. Wangeridhika, tungepata mashine kubwa zaidi, na watu kumi na wanane wangebaki na kazi.

Jumanne asubuhi nilikuta koili imefungwa. Ilikuwa nzuri, mizunguko sita iliyolingana, inang'aa. Felisiani aliikunja kutoka mrija wa friji kuukuu. Nilitoa sumaku mfukoni na kuigusisha, ingawa macho yalikuwa yamekwisha kunijibu. Haikushika.

"Injeniyeri ameandika chuma," nilisema.

"Chuma kiko wapi Kigali hii cha kukunjika namna hiyo? Kiko kwenye suruali yako?" Wenzetu wakacheka. "Shaba inapooza haraka mara nyingi kuliko chuma. Si alisema siri ni kupooza? Au hukuwa darasani, ulikuwa unaswali?"

"Mzee Sadiki alisema..."

"Mzee Sadiki alikuwa mtu wa mawe, Shehe. Hii ni umeme. Wewe iko na woga mingi, sha."

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba yeye ni mkubwa wangu, kwamba Injeniyeri atarudi na kuona mwenyewe, kwamba subira ni nusu ya imani. Yote matatu yalikuwa kweli. Jumatano tulipofungua kiungo kukaza, niliona wekundu wa kahawia kwenye mdomo wa koili, mwembamba, kama poda. Nikanyamaza. Alhamisi kiungo kilianza kuvuja; Felisiani akazima mashine, akaitoa koili, na nikashukuru Mungu kwamba imetoka. Niliona kama jambo limekwisha bila mimi kugombana na mtu. Hivyo ndivyo nilivyolala.

Ijumaa nilikwenda msikitini Biryogo. Niliporudi Gikondo saa nane, meza ya Felisiani ilikuwa tupu. Mama Konsolata, aliyetupikia na kusafisha, alikuwa akisuuza vikombe.

"Mama, koili iko wapi?"

"Ile nyekundu yenu? Felisiani ameibeba saa saba. Asubuhi aliitundika juani, akaipuliza na pampu mpaka ikakauka vizuri. Anaipeleka Nyabugogo kwa fundi bati, anasema inavuja."

"Hapa hawezi kuiziba?"

"Kwa gesi gani? Si mmeishiwa!"

Karakana ya gesi haikuwa na gesi ya kuziba mrija. Nilikuja kulicheka hilo miaka mingi baadaye. Siku ile nilichukua baiskeli ya mlinzi bila kuomba.

Nilishuka barabara ya malori kando ya bonde nikihesabu. Ameondoka saa saba. Nyabugogo saa saba na nusu. Mafundi bati wana foleni. Labda amekaa kula. Nilimwomba Mungu amtie njaa. Kwenye kizuizi cha Kinamba askari alinisimamisha, akachukua indangamuntu yangu, yaani kitambulisho, akaisoma pande zote mbili kama barua ndefu.

"Mbona unatoka jasho hivyo?"

"Baiskeli nzito, shefu."

"Baiskeli nzito kwenye mteremko?"

Alinitazama, akatazama matairi, akanirudishia. Zilipita dakika nne au tano. Katika hizo nilimwona Felisiani katika hali ambazo sitaziandika.

Nyabugogo ilikuwa kama ilivyo siku zote, wapagazi wanapiga mbinja watu wapishe, magunia ya viazi yanapita vichwani. Mafundi bati walikaa nyuma ya stendi, kwenye mstari, wakigonga ndoo na taa za kibatari. Kila nyundo iliyogonga ilinipiga mimi. Nilimwona Felisiani amechuchumaa mbele ya mzee mmoja aliyeitwa Baba Shakuru, ambaye nilimfahamu kutoka msikitini. Koili ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa. Baba Shakuru alikuwa amekwisha kuitoa pasi ya kulehemu kwenye makaa na kuitemea mate kupima moto.

Nilitupa baiskeli. "Buretse! Baba Shakuru, ngoja! Usiiguse!"

Pasi ikasimama hewani. Felisiani aligeuka.

"Yewe, Shehe! Umeleta hotuba ya Ijumaa mpaka hapa?"

"Maji," nilisema. "Nipeni maji."

"Una kiu?"

Ndoo ya Baba Shakuru ya kupoozea ilikuwa pembeni. Niliichukua, nikamwaga maji taratibu juu ya koili, kisha kwa kopo nikayaingiza mdomoni mwake mpaka yakatoka upande wa pili. Yalitoka na wekundu. Nikaifungua jiliwa kwa mkono mmoja, mwingine umeishika koili isitikisike, nikaizamisha yote ndani ya ndoo.

"Sasa Jumatatu wageni tutawaonyesha ndoo?" Felisiani alikuwa amekasirika kweli. "Watu kumi na wanane, Shehe. Kwa ajili ya hadithi za mzee wa Bukavu."

"Imekauka ndani. Ingewaua nyote wawili."

"Kutu ya shaba inaua? Nionyeshe."

Chini ya jiliwa, kwenye kitambaa, palidondoka chembe ya ile nyekundu, kavu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Hapa ndipo kosa langu la pili, na lilitoka mahali pabaya. Nilikuwa nimechekwa tangu Jumanne. Sikutosheka kwamba yuko hai, nilitaka aone. Nilisogeza ndoo mbali, nikaichukua chembe kwa ncha ya jani la mgomba, nikaiangusha juu ya pasi ya moto.

Ililia kama risasi. Pasi iliruka kutoka mkononi mwa Baba Shakuru.

Mkumbuke ulikuwa mwaka gani. Mabomu yalikuwa yamekwisha kulipuka katika masoko na stendi za nchi hii, na watu walijua la kufanya bila kuambiwa. Mama wa nyanya alilala juu ya nyanya zake. Watu walikimbia, wengine wakakanyagana, mtoto akalia. Kabla moshi haujaisha, majandarma watatu, askari wa usalama, walikuwa wamesimama juu yetu na bunduki.

"Nani amerusha?"

Felisiani, mwenye ulimi usiopumzika, aliinua mikono juu.

"Indangamuntu."

Vitambulisho vya wakati ule viliandikwa kabila na kazi ya mtu. Mkubwa wao alisoma changu, akakiweka chini. Alisoma cha Felisiani, akakishikilia. Cha Felisiani kilisema Mtutsi. Alitazama ndoo, akatazama ule mrija uliokunjwa, akamtazama tena.

"Fundi umeme," alisema polepole. "Na nyaya unazijua. Hiki umekileta wewe?"

Mama mmoja aliyekuwa amejibanza nyuma ya bati alisema, "Ndiye aliyekibeba, nimemwona."

Felisiani aliinamisha kichwa. Nilijua, na kila aliyekuwa pale alijua, kwamba mtu mwenye kitambulisho kile akichukuliwa kwa neno la bomu, mkewe ataanza kuzunguka magereza akiuliza.

"Shefu," nilisema, "kitu hicho ni changu. Mimi ni mtu wa gesi, Gikondo. Mimi ndiye niliyemtuma akilete. Hajui hata kilichomo. Na aliyelipua ni mimi, mkono huu."

"Wewe ulimtuma? Huyu ni mkubwa kuliko wewe."

"Kwa umri. Kazini namtuma mimi."

Felisiani aliinua kichwa akanitazama kama mtu niliyemtukana.

"Wewe Mwislamu?" jandarma aliuliza. "Umetoka kuswali leo?"

"Ndiyo, shefu."

"Waislamu hawadanganyi Ijumaa, au vipi?"

"Hatudanganyi siku yoyote."

Baba Shakuru alikohoa. Jandarma akamtupia Felisiani kitambulisho chake kifuani. "Potea."

Mimi walinipandisha kwenye jipi, pamoja na ushahidi. Nilimsihi mkubwa wao asiimwage ndoo. Nilisema, bila kudanganya safari hii, kwamba ndani ya maji haina madhara, na kwamba ikikauka sitawajibika. Hakuna aliyetaka kuishika. Basi niliibeba mimi, nimeibana kati ya magoti, kupanda Muhima yote, na kwenye kila shimo jandarma aliyekaa nami alifumba macho.

Nilikaa kwao siku mbili. Nilipigwa kidogo, si kama wengine niliowasikia. Ndoo waliiweka uani, na kila aliyeingia zamu nilimwomba aongeze maji. Waliongeza. Sijawahi kuona watu wakitii namna ile.

Jumapili Injeniyeri alikuja na mchoro wake na barua ya karakana. Alieleza kwa Kifaransa kirefu, akaweka saini mahali pengi, tukatoka na ndoo yetu. Kazini aliisafisha koili kwa asidi ileile mafundi bati wanayotumia, nje, upepo ukiwa nyuma yake. Kisha aliniita ofisini. Alikuwa na daftari la mashine mbele yake.

"Uliona lini kwamba ni shaba?"

"Jumanne."

Nilingoja anikaripie. Aliandika "Jumanne" kwenye daftari, akalifunga, akaniambia niende nyumbani nioge.

Wageni walikuja, wakaona mwali uliotoka kwenye mrija wa chuma uliokunjwa vibaya, wakapiga makofi, na mashine kubwa haikuja. Umeme iliokula ulikuwa mwingi mno, na masizi tuliyochota yangetosha kupaka shule zote mbao za kuandikia. Baadaye kabaidi ikafika tena na sufuria ikawekwa kwenye jengo la nyuma.

Felisiani hakuwepo kuwaona wageni. Jumatatu ileile mkewe alileta barua ya kuacha kazi. Kitambulisho kilikuwa kimesomwa mbele ya watu, jina lake limeandikwa mahali, na hakusubiri kujua ni wapi. Walivuka mpaka wa Rusumo, wakakaa Ngara, Tanzania, kwa ndugu wa mkewe. Walikuwa huko mwaka wa tisini na nne, yalipofanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika wale kumi na wanane wa karakana yetu, saba hawakupona. Mama Konsolata ni mmoja wao. Sina cha kuandika juu ya hilo kinachoweza kukaa kwenye karatasi za kazi. Ninawaombea kwa majina, kila alfajiri.

Felisiani alirudi baada ya mwaka, amekonda, Kiswahili chake kimekuwa cha Ngara. Alinikuta napaka sabuni kwenye vali.

"Shehe. Mimi unanituma tangu lini?"

"Tangu Nyabugogo," nilisema.

Alivua koti, akachukua brashi nyingine ya sabuni. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa mpaka alipopumzika, na nilimzika kama ndugu, ingawa kanisani kwao sikujua wakati wa kusimama na wakati wa kukaa.

Kuna vijana waliosikia kisa hiki wakaniuliza kama ule uongo haunisumbui, mtu wa dini. Mwalimu wangu wa madrasa alinifundisha kwamba kuokoa roho kunauruhusu, nami nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Ule haujawahi kuninyima usingizi. Kinachoniamsha ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi, siku tatu nilizokaa na neno la kweli mdomoni, na sumaku mkononi, na nikauita woga wangu subira.

Kwa hiyo mkiona kitu kimekosewa kwenye laini ya gesi, semeni siku ileile, hata kama aliyekosea ana digrii, hata kama wenzenu watacheka. Fungeni vali kwanza. Kisha semeni tena, kwa sauti, mpaka mtu aje aangalie.